Kutengeneza na Kufuta

Wahenga walituachia usia kwamba usipoziba ufa, utajenga ukuta. Methali hii tumeifundisha kwa miaka mingi, na wanafunzi wetu huieleza katika mitihani bila taabu: tengeneza mapema usije ukaingia gharama kubwa. Lakini kuna jambo moja ambalo methali imelinyamazia. Haisemi tufanye nini iwapo ufa wenyewe ni kitu cha thamani kwa mtu mwingine. Katika makala haya tunakusudia kulichunguza swali hilo kwa mfano mdogo uliotupata sisi wenyewe hapa Kampala.

Kaka yetu mkubwa alikuwa kifungua mimba katika nyumba ambamo sisi tulikuwa kitinda mimba. Alipiga gitaa la umeme katika bendi za dansi za mji huu, wakati ambapo bendi ya Afrigo, iliyoanzishwa mwaka 1975, ilikuwa imekwisha kujipatia jina. Yeye hakujulikana nje ya mitaa yake. Katikati ya miaka ya 1980 bidhaa zilikuwa adimu, nasi tunakumbuka jinsi alivyochemsha nyuzi kuukuu katika sufuria ili zirudishe mlio wake. Alipofariki, gitaa lilitundikwa ukutani. Mwaka jana mwanawe alilishusha, akaja nalo kwetu na kusema, "Baba mdogo, linakwaruza. Nikibonyeza hapa, sauti inakufa."

Tulifuatana naye hadi Katwe, kwenye karakana ya fundi mmoja, naye alitueleza chanzo cha maradhi. Shingo ya gitaa imekatizwa na vijiti vya chuma ambavyo mafundi huviita freti. Kidole kikibonyeza uzi nyuma ya freti, sehemu ya uzi inayotikisika hufupika, na sauti hupanda. Freti ya 12 hukaa katikati kabisa ya uzi, na hapo sauti huwa juu kwa oktavu moja. Freti hizo kwa kawaida hutengenezwa kwa mchanganyiko wa shaba, zinki na nikeli, ambao ni laini kuliko chuma cha pua cha nyuzi. Kwa hiyo kila wimbo unaopigwa hukwangua kidogo, na baada ya miaka mingi hutokea vishimo. Freti iliyochimbika ikiwa chini kuliko jirani yake, uzi humgusa jirani huyo, na mkwaruzo husikika.

Fundi aliinamisha gitaa kwenye mwanga, akapitisha ukucha juu ya vishimo. "Mwalimu," alisema, "huyu mzee alipenda kukaa hapa, freti ya kwanza mpaka ya tano. Huku chini hakwenda sana." Alikuwa hajapata kumwona kaka yetu, lakini alimsoma kama tunavyosoma sisi mwandiko wa mwanafunzi.

Akatutajia njia tatu. Ya kwanza ni kuzisugua freti zote kwa tupa mpaka zilingane na ile iliyochimbika zaidi, kisha kuirudishia kila moja mgongo wake wa mviringo. Ya pili ni kuzing'oa zote na kupigilia mpya. Ya tatu ni kuzing'oa zile tano tu, kupigilia mpya mahali pake, na kuzishusha hizo mpya kwa tupa mpaka zipatane na za zamani. Alituonya tusiamue kwa haraka, akasema, "Tupa haijui toba." Maana yake ni wazi: chuma kilichosuguliwa hakirudi.

Tulirudi nyumbani tukidhani kilichobaki ni suala la fedha tu. Shemeji yetu, mjane wa marehemu, alitusikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Shemeji, vishimo hivyo vilichimbwa na vidole vyake. Picha zake ninazo mbili tu. Mkivisugua mtakuwa mmemfuta." Kijana akainamisha kichwa. Nasi, tuliozoea kusahihisha, hatukuwa na jibu.

Swali hili si geni duniani. Plutarch, mwandishi wa Wagiriki wa kale, alieleza jinsi watu wa Athens walivyoitunza merikebu ya Theseus kwa kuondoa mbao zilizooza na kutia mpya, hata wanafalsafa wakabishana kama ilikuwa merikebu ile ile. Lakini hatuna haja ya kwenda Ugiriki. Katika makaburi ya Kasubi, walimozikwa makabaka wanne wa Buganda, nyumba kuu iliteketea kwa moto mwezi Machi 2010. Ilijengwa upya, na mwaka 2023 UNESCO iliyaondoa makaburi hayo katika orodha ya urithi ulio hatarini. Paa lake ni la nyasi, na nyasi huoza. Watu wa ukoo wa Ngeye ndio wenye dhamana ya kuliezeka, nao wamerithishana kazi hiyo vizazi kwa vizazi. Hakuna aliyesema kwamba nyasi mpya humfukuza aliyelala ndani. Pengine kinachodumu pale ni ule wajibu wa kuezeka kuliko nyasi zenyewe.

Hata hivyo, hoja ya shemeji yetu haianguki kwa mfano huo. Katika majumba ya makumbusho zimo ala za muziki ambazo zimehifadhiwa zitazamwe tu. Ala ya namna hiyo ikiwa ndiyo shahidi pekee wa ufundi uliokwisha, kuisugua ili ilie kungekuwa kosa, kwa sababu tungepata sauti na kupoteza ushahidi. Hivyo hatuwezi kusema kwamba kila kilichochakaa lazima kitengenezwe.

Tofauti, kwa maoni yetu, ni hii. Vishimo vya gitaa lile vilitokana na kupigwa. Anayevitunza kwa kulinyamazisha gitaa anaihifadhi alama na kuikomesha kazi iliyoizaa alama hiyo. Iwapo yuko mrithi aliye tayari kuiendeleza kazi, heshima kwa marehemu huelekea upande wa kazi. Lakini anayetengeneza ana deni: aondoe kidogo iwezekanavyo, asiamue peke yake, na asijifanye kwamba hakuna kilichopotea. Shemeji yetu alikuwa na haki katika jambo hilo la mwisho. Kitu kingepotea kweli.

Tulimweleza hivyo, naye baada ya siku kadhaa akakubali njia ya tatu, kwa sharti kwamba vijiti vitano vilivyong'olewa arudishiwe yeye. Fundi alivipasha moto kwa chuma cha kulehemu ili gundi ilegee, akaving'oa taratibu kwa koleo asiubandue ubao. Freti nyingine 16 hazikuguswa ila kwa kung'arishwa. Vijiti vile shemeji amevifunga katika kitambaa. Kijana anapiga gitaa jioni, na mama yake hukaa mlangoni akisikiliza, ingawa bado hajasema kama amefurahi.

Sisi walimu wa Kiswahili tuna tupa yetu, nayo ni kalamu nyekundu. Mtoto wa Kampala huleta insha yenye alama za Kiluganda na za mitaani kwake. Tunaweza kuliteremsha darasa zima mpaka kiwango cha aliye chini kabisa. Tunaweza kung'oa kila sentensi yake na kupigilia yetu, na insha ikawa safi lakini mtoto hayumo. Au tunaweza kubadili yale tu yanayoizuia sauti yake isisikike, na kulishusha neno letu mpaka lipatane na yake. Njia hii ya tatu inataka muda mwingi na wanafunzi ni wengi, hilo tunalijua. Tungependa kusikia kutoka kwa wenzetu ni wapi wanapoisimamisha tupa, na kwa kigezo gani.