Baisikeli Kuukuu: Kutengeneza ama Kununua Mpya?

Ndugu wakatekumeni, katika nchi ya Kasongo na Kabambare baisikeli yabeba mchele, mafuta ya mawese, hata mgonjwa. Basi ikichakaa, mtu mwenye kumcha Mungu afanyeje?

Kwanza atazame ilipoharibika. Mnyororo, breki na mipira hubadilishwa. Kuiacha kwa sababu hizo tu na kununua mpya ili asifiwe njiani, hali karo ya watoto haijalipwa, ni majivuno. Lakini ikipasuka fremu, ambayo ndiyo mfupa wake, kuifunga kwa waya ni kuhatarisha uhai wake na wa yule atakayekutana naye mtelemkoni. Heri atembee kwa miguu mpaka apate fedha.

Je, ile kuukuu aweza kuiuza? Aweza, lakini auonyeshe ufa. Anayeuficha kwa rangi avunja amri ya saba, maana amekula mali ya jirani. Na jirani akianguka akafa, amri ya tano nayo itamdai. Basi kabla ya kwenda sokoni ajiulize: ningekubali mwanangu aipande?