Aliyeokoa Kitu Ndiye Mwenyewe?

Tuliondoka Mombasa saa kumi na mbili asubuhi, magari tisa. Kufika Mtwapa tulikuwa manane, manake Volkswagen moja ilikata waya wa klachi na mwenyewe akasema twende tu, atatukuta. Hakutukuta. Kilabu cha magari ya zamani ndicho hicho: nusu ya safari ni kungojana kando ya barabara, boneti ziko juu, na watoto wanauliza kama gari linauzwa.

Tulikuwa tunaenda Matsangoni, kilomita 80 hivi, kwa mzee mmoja aliyetualika tukaone magari yake. Simtaji jina, hakuniomba nimwandike. Tulipita mkonge wa Vipingo, tukavuka daraja la Kilifi. Wazee wa kilabu hawawezi kuvuka daraja lile bila kukukumbusha kwamba kabla ya 1991 hapo palikuwa na feri, na foleni ya feri, na joto la foleni. Mimi nilikuwa ndani ya Peugeot 504 yangu, ile ndefu ya safu tatu za viti, aina iliyokuwa ikibeba abiria kwenye barabara hii hii zamani.

Hiyo Peugeot niliipata Tezo, ukishavuka Kilifi, miaka mitano iliyopita. Ilikuwa chini ya mkorosho, tairi hazina upepo, kuku wanataga kiti cha nyuma. Mwenyewe alikuwa ameshakufa. Mjane wake aliniuzia kwa shilingi 40,000, na alichouliza ni kimoja tu: "Italia tena?" Nikamwambia, mama, italia. Wajukuu zake walikuwa wameifanya matatu ya kuchezea, na siku nilipokuja kuivuta, mmoja wao, wa miaka minane hivi, alikuwa ameshachomoa kile kidude cha juu ya gia na akagoma kukitoa. Nilicheka, nikaenda kununua kingine. Tangu siku hiyo, nikisimulia habari za gari hili neno langu ni lile lile: nimeliokoa.

Basi tukafika kwa mzee. Banda refu, makuti juu, sakafu inang'aa, mafeni yanazunguka kufukuza chumvi ya bahari, ambayo huku Pwani inakula bodi la gari kama mchwa anavyokula mlango. Magari kumi na mawili yameinuliwa juu ya vyuma, tairi hazigusi chini, betri zimetolewa. Citroën DS, Land Rover mbili za zamani, Mercedes nyeusi, na Peugeot 404 ya rangi ya maziwa iliyotufanya sote tunyamaze. Kama hujui, 404 ilishinda Safari Rally mara nne, 1963, 1966, 1967 na 1968, kwenye matope yaliyokuwa yakizika magari ya bei mara mbili yake. Mzee alisimama mbele yake akasema, kwa Kiswahili safi kuliko changu, "Nisingeyachukua mimi, haya yote saa hizi yangekuwa masufuria."

Tukapiga makofi. Mimi pia nilipiga.

Kilichokuwa karibu na mlango nilikiona baadaye, wakati wa kutoka kwenda kula. Katikati ya Mercedes na rafu ya vibao vya namba za rally, kikimulikwa na taa ndogo, palikuwa na kigango. Mwenzetu mmoja alikuwa ametundika kofia yake juu yake.

Mama yangu ni Mgiriama. Hawe yangu, bibi mzaa mama, amezikwa si mbali na pale. Kwa hivyo sikuhitaji kuelezwa, lakini wewe labda unahitaji. Kigango ni mti uliochongwa, na aghalabu husimamishwa kwa ajili ya marehemu aliyekuwa Mgohu, yaani mtu wa kile chama cha wazee wenye uzito wao. Mara nyingi marehemu mwenyewe ndiye anayeuomba, anamtokea mtu ndotoni akilalamika baridi. Basi anachongewa, anafungwa kitambaa, anamwagiwa mnazi. Akishasimamishwa hahamishwi. Familia ikihama, kigango kinabaki pale pale, kiinamie upande, kiliwe na mchwa, kirudi ardhini.

Niliitoa ile kofia nikaiweka kwenye boneti la Mercedes. Halafu nikamuuliza mzee amekipata wapi. Duka la vinyago Mombasa, akasema, miaka ya 80. Akaona uso wangu, akaongeza: "Nisingekichukua mimi, kingeliwa na mchwa. Au kingekuwa Marekani."

Sentensi ile ile. Ndiyo iliyonikaba wali wa nazi ukanishinda.

Manake hakuwa mwongo. Mamia ya vigango viko Marekani, kwenye makumbusho na sebule za watu. Kitu alichokiita hasara, kuliwa na mchwa, kwa kigango si hasara, ni sehemu ya kazi yake. Gari limeundwa liende, na ukilisimamisha juu ya vyuma umelihifadhi vizuri sana lisiwe gari. Kigango kimechongwa kisimame. Mzee wa watu alikuwa amesimamisha vya kwenda na kuhamisha cha kusimama, na kote kuwili neno alilotumia ni kuokoa. Sidhani ana roho mbaya. Nadhani amezoea kuamini kwamba kitu chochote, mahali popote, kinachotaka ni kudumu tu.

Nilimwambia, kwa adabu niliyofundishwa, kwamba hicho ni cha watu. Akajibu papo hapo: "Nionyeshe mwenyewe, mwanangu, nitampa leo leo."

Ni jibu la haki. Pia ni jibu rahisi mno, kwa sababu aliyeiba hakuandika jina, wala aliyeuza, wala aliyenunua. Jina lilipotea kwenye wizi wenyewe, halafu wewe mwenye kitu unaambiwa ulilete. Peugeot yangu ina logibuku na namba ya chesi. Kigango hakina. Au kinacho, kwa namna yake, zile pembetatu zilizochongwa kifuani, lakini asomaye namba hiyo ni familia, na familia haialikwi kwenye banda lile.

Kuna familia moja iliyobahatika. Mwaka 1985 mtafiti Mmarekani, Monica Udvardy, alimpiga picha Mzee Kalume Mwakiru akiwa karibu na vigango vya ndugu zake wawili. Muda mfupi baadaye vikaibwa. Mwaka 1999 huyo mtafiti yuko kwenye mkutano, mwenzake anaonyesha slaidi, akakitambua kimoja. Kimoja kilikuwa makumbusho ya Jimbo la Illinois, kingine Chuo Kikuu cha Hampton. Vilirudi nyumbani 2007. Miaka 22, na bila picha ile vingekuwa huko mpaka leo na kibandiko kisicho na jina la mtu.

Kwa hivyo baada ya chakula nilirudi bandani nikakipiga picha, mbele, nyuma, na ile michoro kwa karibu. Wenzangu walikuwa wanapiga selfi na 404. Picha nimempelekea mjomba, naye amezituma kwa wazee anaowajua huko bara, ndani ndani, Ganze na kwingineko. Mpaka ninapoandika hakuna aliyejibu.

Tuliporudi nilisimama Tezo. Kawaida napiga honi tu na kupita. Ngoja niseme kilichonisumbua njiani: mwenzangu mmoja wa kilabu juzi alinitajia bei ya 504 yangu kama ilivyo sasa, na ni mara kumi na zaidi ya zile 40,000. Logibuku iko kwa jina langu. Biashara ilikuwa halali. Hakuna aliyeibiwa, na hilo nalirudia mara nyingi kuliko inavyohitajika.

Mama alikuwa uani, anachambua mchicha. Hakuinuka. Alisema nisizime kwanza, akasikiliza injini kichwa kakiinamisha, halafu akaniuliza kama Alhamisi napita, ana kliniki Kilifi. Nikasema nitapita.

Yule mjukuu sasa ana miaka kumi na mitatu. Nilimuuliza kama kile kidude cha gia bado anacho. Akasema anacho. Sikumwomba.