Sapu Tatu na Dagaa

Jumatatu jioni kijana wa jirani alibisha hodi. Yuko mwaka wa pili katika chuo kimoja cha mbali, amerudi likizo. "Tumsifu Yesu Kristo, Padri." Nikamwitikia. Akakaa, akanigeuzia simu yake. Kioo kina ufa, lakini matokeo yalisomeka: sapu tatu. Msiojua lugha ya chuo, ni mitihani ya kurudia, na ukianguka tena unaanza kunusa kudisko, yaani kufukuzwa chuo.

Wenzake walishamtumia ujumbe: kiri ushindi, usiwaze mabaya. Alikiri kutwa nzima. Nikamwuliza kama amekula. "Tangu jana bado, Padri."

Tukala ugali wa muhogo na dagaa wa ziwani. Sikumhubiria, na kwangu hilo si jambo dogo.

Nilimkumbuka nabii Eliya. Alipomkimbia malkia Yezebeli alikaa chini ya mretemu akaomba afe. Malaika hakumkemea kwa kukata tamaa. Alimwamsha, akamwonyesha mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji. Nabii akala, akalala tena, akaamshwa mara ya pili, akala. Ndipo akatembea siku 40 hadi Horebu, na huko ndiko Mungu alikomwuliza anafanya nini, kisha akamrudisha kazini kwa njia aliyoijia. Swali gumu lilikuja baada ya mkate.

Kesho yake tulikwenda Mwitongo, kwenye kaburi la Mwalimu Nyerere. Huku kwetu Butiama husimuliwa kana kwamba alizaliwa na shahada mkononi. Mimi napenda kuhesabu miaka yake. Alizaliwa 1922. Shule aliianza Mwisenge, pale Musoma, mwaka 1934, akiwa na miaka 12. Makerere aliingia 1943, akarudi kufundisha Tabora, akaenda Edinburgh 1949. Shahada yake ya huko aliipata 1952, ana miaka 30. Kijana wangu ana 21, na anajiona kachelewa.

Tukakaa kivulini, nikamwomba ataje kila somo na kilichomwangusha. Kuwaza mema, nionavyo mimi, hakuanzi kwa kuzikana sapu. Hesabu, akasema, hajaielewa tangu mwaka wa kwanza na aliona haya kuuliza. Takwimu alikosa vipindi kwa sababu bumu, yaani pesa ya mkopo, lilichelewa, akawa anaendesha bodaboda ya mtu. La tatu? "Hilo nilizembea tu, Padri." Akacheka. Kilikuwa kicheko cha kwanza tangu abishe hodi.

Jioni ileile alimpigia mwenzake anayeijua hesabu. Sasa wanasoma pamoja kwa simu kila usiku, vifurushi vikiruhusu.

Wazazi wangu, likizo hii wapo watakaorudi nyumbani na nyuso nzito. Nawaombeni, msianze na matokeo. Wapakulieni kwanza, walale, mtaulizana asubuhi.