KUPUNGUZA NA KUTOA

Mtu amekusanya stempu miaka ishirini, hata madaftari yake yamejaza kabati na kuingia mvunguni mwa kitanda. Siku moja aamua kuzipunguza. Je, ametenda wema? Mimi nauliza kwanza: ametoa zipi? Ikiwa ni zile zilizochanika na zilizojirudia, basi amefagia nyumba, na usafi ni jambo jema. Lakini moyo wake ungali pale pale ulipokuwa.

Kurani Tukufu, katika Sura Aali Imran, yatufundisha kuwa wema hasa haufikiwi pasipo kutoa katika vile tuvipendavyo. Sahaba Abu Talha r.a. aliposikia hayo hakutafuta mtende uliokauka. Alitoa Bairuha, bustani aliyoipenda kuliko mali yake yote, iliyoelekea msikiti wa Mtume s.a.w. mjini Madina, naye Mtume s.a.w. akamshauri awape jamaa zake.

Nami niliporudi kutoka chuoni ng'ambo niliwagawia watoto wa jirani stempu zangu, nikajisifu kimoyomoyo. Lakini moja, ya barua ya mwisho ya mama, nilikuwa nimekwisha ibandua na kuificha kitabuni. Ingali humo.