Sharti la Marehemu

Mtu akitoa mali yake kwa umma, akaifunga kwa masharti, kisha akafariki, masharti hayo yana nguvu gani juu ya walio hai? Nchini Marekani swali hili lilizozaniwa mahakamani kwa miaka mingi kwa ajili ya makumbusho moja ya jimbo la Pennsylvania, Barnes Foundation.

Albert C. Barnes, aliyezaliwa Philadelphia mwaka 1872, alitajirika kwa Argyrol, dawa yenye madini ya fedha iliyotiwa watoto wachanga machoni ili wasipofuke. Kiwandani kwake wafanyakazi, weusi kwa weupe, walitengewa muda wa kusoma falsafa na kujadili picha zilizotundikwa humo humo. Mazoea hayo ndiyo yaliyozaa taasisi yake ya mwaka 1922, na jengo lake likafunguliwa kitongojini Merion mwaka 1925. Aliikusudia iwe shule, na mwanafalsafa John Dewey alikuwa mshauri wake wa karibu.

Picha alizokusanya, zikiwemo za wachoraji Renoir, 181 kwa jumla, na Cézanne, 69, hazikupangwa kwa karne wala kwa nchi. Kati yake zilipigiliwa bawaba, makomeo na vyuma vingine vya milangoni; chini yake kasha au kiti cha mbao; na katika vyumba vingine vinyago vya Afrika Magharibi na Kati. Mpindo wa bawaba huitikia mpindo wa bega la mtu aliyechorwa. Ukutani hakuna maelezo: mtazamaji aone mwenyewe.

Hati ya Barnes ya kuanzisha taasisi iliagiza kwamba akishafariki picha zisihamishwe, zisiazimishwe, wala zisiuzwe. Alikufa katika ajali ya gari mwaka 1951.

Wanazuoni wa Kiislamu walilikabili swali la sharti la marehemu karne nyingi kabla ya Barnes. Kwao sharti la mtoa wakfu hupewa uzito unaokaribia ule wa matini ya sheria yenyewe. Ila wakfu ukikosa manufaa wanahitilafiana. Wahanafi huruhusu, kwa idhini ya kadhi, mali ibadilishwe kwa nyingine. Washafii, ambao madhehebu yao hufuatwa na Waislamu wengi wa pwani ya Afrika Mashariki, ni wagumu zaidi: msikiti ukibomoka hauuzwi. Hoja yao ni nzito. Marehemu hamiliki tena, na aliye hai hamiliki pia, kwa kuwa milki imerejea kwa Mwenyezi Mungu. Kwa hiyo sharti halilindi matakwa ya maiti. Linawazuia wasimamizi wasijifanye wenye mali.

Kwa Barnes udhaifu ulikuwa kwingine. Taasisi yake ilisamehewa kodi kama mali ya umma, huku umma wenyewe ukiingia kwa shida, kwa barua ya maombi ambayo mara nyingi ilikataliwa. Mlango ulifunguliwa mwaka 1961, baada ya serikali ya jimbo kwenda mahakamani. Katika hilo serikali haikukosea: anayekula msamaha wa watu wote hana haki ya kuchagua kila anayeingia.

Uhamisho ni kesi ngumu zaidi. Fedha zilipopungua, mwaka 2004 jaji aliruhusu mkusanyo upelekwe katikati ya Philadelphia. Jengo jipya lilifunguliwa mwaka 2012. Vyumba vilijengwa upya kwa vipimo vya vile vya zamani na karibu kila picha ikarudishwa mahali pake. Waliotetea uamuzi huo walisema kilichotolewa ni picha na mpangilio wake, si kuta za Merion. Hoja hiyo inakubalika, ingawa wanafunzi wachache waliokaa saa nzima mbele ya ukuta mmoja si sawa na foleni ya watalii.

Lakini hoja hiyo hiyo inawabana walioitoa. Mwaka 2023 mahakama ililegeza pia sharti la kutoazimisha, na sasa baadhi ya picha zinaweza kutoka kwa muda. Safari hii kinachoguswa ni mpangilio wenyewe, ule ambao uhamisho ulidaiwa kuuokoa.