Kura ya Shukrani

Siku hizi wapo wasemao kwamba wakubwa wa siasa wamewapoteza wapiga kura wao. Wengine hujibu kuwa la hasha, wakubwa wangali wameshika kamba, wameirefusha tu. Kabla hatujachagua upande, ndugu msomaji, tujiulize kwanza kamba yenyewe imesokotwa kwa nini. Kwa maoni yangu ina nyuzi tatu: mazoea, hofu na shukrani.

Uzi wa mazoea umechakaa. Mwaka 2005 mgombea urais wa CCM alipata asilimia 80 ya kura. Mwaka 2010 mgombea yuleyule alipata karibu asilimia 63, na zaidi ya nusu ya walioandikishwa hawakupiga kura. Mwaka 2015 mrithi wake alipata asilimia 58. Huku Mpanda dalili zilionekana mapema: mwaka 2005, na tena 2010, jimbo la mjini lilimpeleka bungeni Said Arfi wa CHADEMA, ingawa mara ya pili Waziri Mkuu wa nchi, Mizengo Pinda, alikuwa mwana wa Mpanda hiihii.

Baadaye takwimu zikapanda: asilimia 84 mwaka 2020, na karibu 98 mwaka 2025. Je, mapenzi yamerudi? Uchaguzi wa Oktoba 2025 ulifanyika CHADEMA ikiwa imezuiwa kushiriki, na mwenyekiti wake, Tundu Lissu, akiwa mahabusu kwa shtaka la uhaini. Siku yenyewe kulikuwa na maandamano, watu wakauawa, intaneti ikazimwa. Hesabu ya namna hiyo haipimi moyo wa mpiga kura. Huo ni uzi wa hofu, na anayeushika hawezi kujua aliyefungwa anawaza nini. Kimya kingi kina mshindo mkuu.

Uzi wa tatu ndio unaonisumbua zaidi. Litapunga imo katika Halmashauri ya Nsimbo, na Nsimbo ndiko iliko Katumba, makazi ya watu waliokimbia mauaji ya Burundi mwaka 1972. Waliishi hapa zaidi ya miaka 40, wakalima, wakazaa na kuzika, bila kuwa na kura. Tanzania ilikubali kuwapa uraia watu wapatao 162,000 wa Katumba, Mishamo na Ulyankulu, na vyeti vikaanza kutolewa mwaka 2014. Mwaka uliofuata ulikuwa wa uchaguzi.

Je, raia mpya wa namna hiyo anadaiwa kura na chama kilichokuwa madarakani? Wengi watasema ndiyo, kwani asiyeshukuru hana utu. Nami nakubali kwamba shukrani ni wema. Lakini haki ya kuchagua ikitolewa kwa sharti la kumchagua mtoaji, kilichotolewa si haki tena. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ilibatilisha vifungu vya sheria vilivyoruhusu takrima za wagombea. Ikiwa khanga na pilau si bei halali ya kura, uraia nao utakuwaje bei yake?

Tena, mfadhili mwenyewe ni nani? Ardhi ni ya Watanzania wote, na majirani waliowapokea wageni mwaka 1972 walikuwa wakulima tu. Deni basi ni la taifa, na taifa hulipwa kwa kura iliyofikiriwa, hata kama inamwangusha aliyesaini vyeti.

Hata hivyo, kukata kamba peke yake si uhuru. Mwaka 2015 CHADEMA ilimsimamisha Edward Lowassa, ambaye hapo kabla ilikuwa imemshutumu kwa miaka mingi. Mwaka 2019 akarejea CCM. Aliyemfuata kwa kuwachukia wakubwa alijikuta bado yu nyuma ya mkubwa. Naye aliyebaki nyumbani mwaka 2010 hakumpunguzia mkubwa yeyote chochote.

Kwa hiyo jibu langu ni kwamba wakubwa wanapoteza, na nguvu wanayotumia ni ushahidi wake. Lakini wanachokipoteza hakimfikii mwananchi wa Litapunga chenyewe. Itambidi akichukue kwa kuuliza, kila uchaguzi, swali ambalo shukrani na hofu haziwezi kumjibia: huyu atafanya nini, na tutamwondoaje asipofanya?