Mkate na Hewa ya Sumu

Je, jema kubwa laweza kulipa deni la ovu? Swali ni kongwe, walakini maisha ya Fritz Haber, mkemia wa Kijerumani, yaliliuliza upya kwa ukali.

Mwaka 1909, mjini Karlsruhe, Haber alionyesha jinsi naitrojeni ya hewani iwezavyo kuunganishwa na haidrojeni, kwa joto na mgandamizo mkubwa, ikawa amonia. Zamani wakulima wa Ulaya walitegemea chumvi ya naitreti iliyochimbwa katika jangwa la Chile. Carl Bosch aliukuza ufundi huo hata kiwanda cha Oppau kikaanza kazi mwaka 1913, na leo watu wasiohesabika hula nafaka iliyostawishwa kwa mbolea ya asili hiyo.

Tarehe 22 Aprili 1915, karibu na mji wa Ypres, Ubelgiji, majeshi ya Ujerumani yalifungua mitungi yenye zaidi ya tani 150 za klorini, upepo ukaipeleka kwenye mahandaki ya adui. Haber ndiye aliyesimamia kazi hiyo. Siku chache baadaye mkewe Clara, naye mkemia mwenye shahada ya udaktari, alijiua kwa bastola ya mumewe. Mengi yamesemwa juu ya sababu zake. Haber hakukawia kwenda medani ya mashariki.

Watetezi wake huweka mkate katika kitanga kimoja cha mizani na sumu katika cha pili. Mizani hiyo ina ila. Aliyeshiba hakumpa mtu ruhusa ya kulipia chakula chake kwa mapafu ya askari. Tena mkate wenyewe haukuwa safi: Uingereza ilipoifungia Ujerumani njia za bahari, amonia ile ile ilitumika kufanyia baruti. Hapo pengine mvumbuzi ana udhuru, maana kitu kikishatoka mikononi mwake hufuata nia za wengine. Kwa klorini udhuru huo hauko. Haikumponyoka, aliifuata kwa miguu yake hata medani, akangoja upepo.

Tuzo ya Nobel ya mwaka 1918 alipewa kwa ajili ya amonia. Mwaka 1933 Wanazi walipowaondoa Wayahudi katika kazi za serikali, Haber, mzaliwa wa Kiyahudi, alijiuzulu akaihama nchi aliyoitumikia hivyo. Alikufa Basel, Uswisi, Januari 1934. Alikuwa ameomba azikwe pamoja na Clara, na ndivyo ilivyofanywa.